Kisichosemwa Hakina Alama

Siku gavana alipotia saini sheria ile, Bernadine Wysocki alileta maboksi mawili ya donati karakanani na hakusema ni za nini. Hakukuwa na haja. Kila dereva wa lori la kuondoa theluji barabarani alikuwa ameshasikia redioni kwamba kuanzia sasa kazi za jimbo hazitamdai mtu shahada ya chuo kikuu, isipokuwa pale kazi yenyewe inapoihitaji, kama udaktari au uhandisi. Mtu atapimwa kwa anachoweza kufanya. Madereva walikula, wakajifuta sukari kwenye suruali, na mmoja wao akamwita "bosi" bila kuongeza lile neno "kaimu" walilozoea kumtania nalo.

Alikuwa kaimu msimamizi wa karakana kwa msimu wa pili wa baridi. Kabla yake walipita wasimamizi kadhaa, wote wenye shahada, mmoja ya historia, mwingine ya muziki wa kanisani. Hakuna aliyekuwa mtu mbaya. Walikaa mpaka nafasi ya ofisini ilipopatikana makao ya wilaya, wakaenda zao, na kila walipoondoka ni Bernadine aliyeshika funguo mpaka mwingine alipoletwa. Kuomba kazi hiyo mwenyewe hakuweza, kwa sababu mwisho wa tangazo palikuwa na mstari mmoja uliomfungia mlango. Sasa mstari umefutwa.

Jambo ambalo yeye na madereva wake hawakulifikiria ni kwamba mstari ule ulikuwa ukiwafanyia watu wa utumishi kazi ya chujio. Ulipoondolewa, maombi yalifurika kutoka kila pembe ya jimbo. Walioomba ni wauza magari, askari waliostaafu, wasimamizi wa maghala, hata mwokaji mikate. Utumishi hawakuwa na njia ya kuwajua wote hao, wakaamua kwamba asijulikane hata mmoja. Kila mwombaji angeulizwa maswali yale yale, kwa maneno yale yale, bila swali la nyongeza, na angepewa alama kwa yale tu atakayoyatamka ndani ya chumba.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Bi Pruitt wa utumishi alikaa katikati, kulia kwake mtu wa wilaya jirani ambaye Bernadine hakumfahamu, na kushoto Walt Hruska, mkuu wa barabara wa wilaya. Walt alikuwa amevaa tai. Ni yeye aliyempa Bernadine lori lake la kwanza, na tangu mkewe afariki alikuwa akila mkesha wa Krismasi nyumbani kwa akina Wysocki, pierogi, vile vipande vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, na samaki, akikaa kwenye kiti kilichokuwa cha marehemu baba yake Bernadine. Siku hiyo alimwita Bi Wysocki na kumwomba aketi, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni.

Bi Pruitt alisoma masharti ya usaili. Bernadine aliyasikia kama abiria wa ndege anavyosikia maelezo ya mkanda.

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Kisha Walt akageuza karatasi na kusoma: "Tueleze tukio moja ambalo uliongoza watu katika dharura. Eleza hali ilivyokuwa, uamuzi ulioufanya wewe, na matokeo yake."

Bernadine alicheka kidogo. Alimtazama Walt usoni.

"Ile ya Mto Shade," alisema. "Wewe ulikuwepo, Walt. Barafu ilivunjika yote kwa mkupuo mmoja. Vijana walifanya kazi nzuri mno. Verna wa karakanani hakubanduka kwenye redio. Tulifunga madaraja na hakuna aliyezama. Basi."

Kalamu tatu zikaandika, na upesi zikakoma. Walt aliendelea kuitazama karatasi yake kama vile kuna neno limemkwama.

"Ungependa nirudie swali, Bi Wysocki?"

Aliudhika kidogo kwa ule urasmi wake. "Nimelisikia, asante."

Walt akasoma swali lililofuata.

Majibu Walt aliyaleta mwenyewe. Aliendesha gari kutoka makao ya wilaya na kumkuta Bernadine ndani ya banda la chumvi, lile kuba kubwa la mbao ambamo sauti huzunguka kabla ya kutoka. Alikuwa akiangalia kama chumvi imeshika unyevu. Walt alivua kofia, na kwa kitendo hicho peke yake Bernadine akajua.

"Wamempa mtu mwingine, Bernie."

"Wamempa? Kwani wewe hukuwa mmoja wao?"

"Tumempa," alisema Walt. "Anaitwa Royce Ansbach. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye lile ghala la vifurushi, pale barabara kuu."

"Ana shahada?"

"Hana."

Angekuwa nayo, Bernadine angejua pa kuipeleka hasira yake. Kwa miaka mingi alikuwa na mahali pake pa kuiweka, kwenye mstari ule wa mwisho wa tangazo. Sasa sheria ilikuwa imefanya sawasawa ilichoahidi. Imemchukua mtu asiye na chuo na kumpa kazi nzuri ya jimbo, isipokuwa mtu huyo si yeye. Alichomeka koleo kwenye chumvi ili mikono yake iwe na kitu cha kushika.

Aliuliza amekosea wapi. Walt akamwambia, maana kanuni ziliruhusu hilo. Mengine yote alikuwa karibu na Ansbach, na kwenye mawili alimpita. Lililomwangusha ni swali la dharura. Alipata alama ya chini kabisa kwa wasaili wote watatu.

"Wote watatu," alisema Bernadine. "Jioni yake wewe ulikuja ukasimama na mimi kwenye tope mpaka magotini, Walt."

"Nilisimama. Lakini wewe hukulisema."

"Nikuambie kitu ulichokiona kwa macho yako?"

"Ndiyo. Ndivyo kinavyotakiwa kusemwa, mbele ya hao wengine wawili. Nilikuuliza nirudie swali. Hilo tu ndilo nililoruhusiwa, Bernie. Ningeongeza neno moja, Pruitt angeufuta usaili mzima. Nikakurushia kamba, wewe ukaniambia asante."

Lile neno asante lilimchoma kuliko yote. Bernadine aliacha koleo.

"Unataka kujua kwa nini niliishia pale?" Sauti yake haikupanda, ila kuba liliizungusha ikasikika kama ya watu wawili. "Ningesema nini mbele ya mwanamke wa utumishi? Kwamba uliniamuru kwenye redio niliache daraja la juu wazi? Kwamba nililaza lori langu katikati ya barabara nikazima redio ili nisikusikie? Hayo ndiyo uliyotaka niyaseme, na wewe umekaa pale na tai yako?"

Ndivyo ilivyokuwa. Daraja la juu, la upande mto unakotoka, lilikuwa njia fupi ya kufika hospitalini, na amri yake ilikuwa liachwe wazi. Bernadine alilifunga bila ruhusa. Haukupita muda, mapande ya barafu yakaing'oa nguzo ya katikati na daraja likalala mtoni, likiwa tupu. Taarifa ambayo Walt aliipeleka makao makuu ilisema madaraja yote mawili yalifungwa kwa wakati. Haikusema na nani. Wiki chache kabla ya hapo Walt alikuwa amemzika mkewe, na Bernadine aliona kwamba mtu aliye katika hali hiyo hawekewi jambo kama lile mezani. Hakulitaja wakati ule, wala hakulitaja baadaye.

"Sikukuomba uninyamazie," alisema Walt mwishowe.

"Hukuniomba. Ila ulikula matunda yake."

Walt aliizungusha kofia mikononi. Kisha akasema jambo ambalo, kwa jinsi lilivyotoka, alikuwa amelitayarisha njiani. Aliuliza kama Bernadine anajua yeye aliingiaje kazini. Mjomba wake alikuwa akiwinda kulungu na mkuu wa zamani. Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda walipanda mlimani pamoja, na waliposhuka Walt alikuwa na kazi. Wakati huo hakuna aliyejali shahada. Wasio na mjomba walibaki nje.

"Sasa niambie," alisema. "Ningekujazia alama kwa ninachokijua mimi, kuna tofauti gani na hayo? Huyu Ansbach hana mtu wa kuwinda naye. Chumba kile ndicho mahali pekee alipokuwa sawa na wewe. Unataka nimnyang'anye?"

Bernadine alilipima hilo na halikumpa mwanya. Lilikuwa kweli, na ukweli wake ukaizidishia hasira moto, kwa sababu mtu aliyekosewa na mjinga anaweza angalau kumdharau.

"Basi kaa na haki yako, Walt," alisema. "Ila mkesha wa Krismasi utafute pa kula."

Madereva walipopata habari walikasirika kwa namna yao. Wazo lao lilikuwa jepesi: wamwachie mgeni barabara azijue mwenyewe. Asiambiwe ni kona gani inayoganda mchana huku jua linawaka, wala kalvati lipi linalorudisha maji. Theluji ya kwanza ikianguka, wilaya nzima itajua wamemchukua mtu wa vifurushi. Waliyasema hayo wakiwa wamemzunguka Bernadine, kama watu wanaomletea zawadi.

Aliwakataza. Hakufanya hivyo kwa wema, wala hakujifanya mwema.

"Atakayeteleza kwenye kona ile si Ansbach," aliwaambia. "Ni basi la shule. Hasira ni yangu. Msiniibie mkaenda kuimwaga barabarani."

Kwa desturi ya karakana, njia hufundishwa garini. Aliyetangulia hushika usukani, mgeni hukaa kando, wanapita kila barabara mpaka mgeni aweze kusema kinachofuata kabla ya kukiona. Hivyo Royce Ansbach akapanda lori la Bernadine. Alikuwa mtu mwembamba mwenye adabu, aliyeandamana na chupa ya kahawa na hakujaribu kupendwa. Siku za mwanzo walizungumzia chumvi na miteremko tu. Siku moja, wakiwa wamesimama kusubiri treni ya makaa ipite, Bernadine alimuuliza aliwaambia nini wale watu.

Royce hakujifanya haelewi. Alisema kule ghalani kila cheo kidogo hupatikana kwa usaili wa aina ile, na alishaanguka mara nyingi kabla ya kujua siri yake. Alijifunza kusimulia kazi yake mwanzo hadi mwisho kama kwa mtu asiye na macho. Alifanya mazoezi kwenye maegesho, ndani ya gari, akikihutubia kioo cha mbele, mpaka mlinzi akamgongea kuuliza kama yu mzima.

"Kule kwetu ukinyamaza, wanajua hukuwepo," alisema. "Nyinyi huku mnadhani mtu amewaona."

"Baba yangu alikuwa akisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Basi mimi ndiye kile kibaya. Nimejitembeza mpaka nikapata kazi." Royce alicheka, na alipoona amecheka peke yake akaacha. "Ng'ambo ya mlima nako nafasi imetangazwa, mama. Mwenye nayo anastaafu. Ukitaka nitakuuliza maswali humu humu garini. Wewe unanionyesha barabara, na mimi sina kingine cha kukulipa."

Bernadine alitaka kukataa. Kupokea msaada wa mtu aliyekalia kiti chako ni kumeza mfupa. Lakini alipolitazama jambo lenyewe, bila kuingiza jinsi linavyomkera, aliona kwamba Royce anajua kitu ambacho yeye hakijui, na kwamba kitu hicho ndicho kilichomnyima kazi. Treni iliisha kupita, akaingiza gia.

"Uliza," alisema.

Royce aliuliza kwa ukatili wa mwalimu mzuri. Bernadine akisema vijana walijitahidi, Royce alisema, "Vijana hawaombi kazi." Akisema mambo yalikwenda sawa, Royce alitaka kujua mambo yapi, yangekwendaje kama si yeye. Alimkatiza kwenye kona, akamkatiza kwenye vilima, mpaka siku moja Bernadine akamwambia kwamba akimkatiza tena atamshusha aende kwa miguu. Royce alistahimili maili moja, kisha akamkatiza.

Walipofika kwenye habari ya Mto Shade, Royce aliuliza amri aliyopewa ilikuwa ipi.

Bernadine aliongeza mwendo.

"Bila hilo, hapo hakuna uamuzi," alisema Royce. "Kufunga daraja ulipoambiwa ufunge ni kutii tu. Wanakuuliza uliamua nini." Alimtazama kwa pembeni. "Kuna mtu unamfichia."

"Kuna mtu nilimfichia," alisema Bernadine. Ile "nilimfichia" badala ya "ninamfichia" ilimshangaza yeye mwenyewe. Alikuwa hajajua, mpaka alipojisikia, kwamba ameshaamua.

Usaili wa pili, wa nafasi ya ng'ambo ya mlima, ulifanyika chumba kile kile, jopo lile lile. Lilipofika swali la dharura, ikawa tena zamu ya Walt kulisoma. Alilisoma vilevile, neno kwa neno.

Bernadine alilijibu kama mtu atoaye ushahidi. Alitaja saa, kimo cha maji, sauti ya barafu. Alisema mkuu wa barabara wa wilaya, Walter Hruska, alimwamuru kwa redio aliache daraja la juu wazi kwa ajili ya magari ya hospitali. Alisema yeye alikuwa amesimama darajani na amesikia sakafu ikitetemeka chini ya buti, jambo ambalo mtu wa ofisini hawezi kulisikia. Aliamua kuvunja amri. Alipitisha lori lake kuziba barabara, akazima redio, akawarudisha wenye magari mmoja mmoja, na gari la wagonjwa akalielekeza njia ndefu ya mlimani, huku lori jingine likisafisha mbele yake. Kisha akasema nguzo iling'oka, na kwamba darajani hapakuwa na mtu.

Kalamu ya Bi Pruitt ilisimama. Alimgeukia Walt, kisha akakumbuka kanuni zake na kurudisha macho kwenye karatasi. Walt alikuwa akiandika. Aliandika jina lake mwenyewe, na shingo yake juu ya tai ilikuwa nyekundu.

"Kuna la kuongeza, Bi Wysocki?"

Lilikuwepo. Angeweza kusema kwamba mtu huyo alikuwa na kaburi bichi nyuma yake, na kwamba siku ile yeyote angekosea. Lilikuwa kweli kama mengine yote. Lakini swali halikuuliza habari za mke wa mtu, na sentensi hiyo isingekuwa na alama.

"Hakuna," alisema.

Alipata kazi. Bi Pruitt alimpigia simu na kumweleza, kwa kuwa kanuni ziliruhusu, kwamba katika swali lile wote watatu walimpa alama za juu kabisa. Walt aliitwa makao makuu kueleza ile taarifa ya mafuriko, na kabla ya majira ya joto alistaafu. Hakukuwa na sherehe. Kule karakanani, madereva wale wale waliotaka kumwangusha mgeni kwa ajili ya Bernadine sasa walikuwa wazito kumsalimia. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba angeweza kusema "mkuu mmoja", akaliacha jina. Bernadine akamjibu kwamba mara ya kwanza, alipolificha jina, hakuna aliyekuja kumwambia amesema kidogo mno. Dereva aliinama kukaza nati iliyokuwa imeshakazwa.

Asubuhi ya kwanza alivuka mlima. Karakana ya ng'ambo ilifanana na yake, kuba la chumvi, malori, bendera. Mlangoni alisimama mwanamume wa umri wake, mnene, mwenye ndevu zilizokatwa vizuri. Aliitwa Stroh. Alikuwa kaimu pale wakati mkuu wao akiugua, misimu mitatu ya baridi, na naye alikuwa ameomba. Hakutoa mkono. Aliweka funguo juu ya meza na kurudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeweka chakula cha mbwa asiyemjua.

"Hruska ndiye aliyenifundisha kuendesha," alisema Stroh. "Alinijua vizuri kuliko ndugu zangu. Wote pale walinijua. Niambie, mama, ni kitu gani ambacho hawakukiona?"

Bernadine alifungua mdomo kumweleza. Maneno yaliyomjia yalikuwa ya chumba kile, na kamba, na mtu asiye na wa kuwinda naye, yote ya Walt, kamili, tayari kutoka kama vile ni yeye aliyeyatunga. Aliufunga mdomo. Hasira aliyoiona kwenye uso wa Stroh aliitambua mpaka mikunjo yake, na haikuipunguza ya kwake hata chembe. Ziliongezeka tu zikawa mbili.

"Nionyeshe barabara," alisema.

Stroh alisema anatakiwa kumwonyesha mpaka mwisho wa mwezi, na si zaidi. Akapanda lori, akawasha injini kabla Bernadine hajafunga mlango. Alishuka mteremko wa kwanza kwa mwendo ambao hakuna dereva mwenye akili angeutumia pale, bila kusema neno juu ya kona wala kalvati, akimwachia aone anachoweza kuona. Bernadine alishika mpini wa juu ya dirisha na kuanza kuhesabu kona kwa sauti, moja baada ya nyingine, kila moja na upande wake wa kivuli, barafu inapokaa. Hakumwambia apunguze mwendo.